King'ora Kikilia Kapchemosit, Keti Chini

Nyinyi mliobaki kwenye kituo cha utafiti mnakijua king'ora cha kiwanda cha chai. Kinaanza chini kama ng'ombe mwenye kiu, kinapanda, kinakaa huko juu mpaka mbwa wajibu, halafu kinashuka kwa uvivu. Nilizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, nikikisikia, na hata sasa kikilia mkono wangu unatafuta sufuria. Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni kile cha siku yangu ya kwanza ndani ya msitu wa Kapchemosit. Kiwanda tulikuwa tumekiacha nyuma yetu, upande wa kaskazini. King'ora kikalia mbele yetu, kusini, ndani kabisa ya miti, mahali ambapo hakuna kiwanda, hakuna chai, hakuna hata choo.

Wananiita mstaafu na bado sijafikisha miaka thelathini na tano. Mama yangu anasema mstaafu ni mtu mwenye mvi na mkongojo, mimi nimefukuzwa tu kwa adabu. Pengine ni kweli, na mtaona wenyewe. Nimeombwa niwaandikie vijana mnaoanza kazi ya safari za utafiti mjue tulivyoifanya. Vyeo sitavitaja, maana nilikuwa na kimoja tu, mtunza vyombo. Mshahara pia sitautaja, kwa sababu mtacheka, halafu mtalia.

Kapchemosit inaanza pale mstari wa mwisho wa chai unapoishia, ukielekea upande wa Bomet. Kwa Wakipsigis, chemosit ni zimwi la mguu mmoja, na jina la msitu maana yake ni nyumbani kwake. Zimwi sikuliona, ingawa nilikuwa na hamu. Mambo mengine yalikuwepo. Sindano ya dira ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kulikuwa na uwanja ambao watu waliapa kuwa mvua ya mawe, inayopiga chai yetu kila mara, inaukwepa. Na kulikuwa na kuta za mawe, zimepangwa bila udongo wala saruji, ndefu, zimeota nyasi na mizizi. Hakuna aliyesema ni zake. Wakipsigis walisema walizikuta, na kwamba hata wale waliowakuta hapo nao walizikuta.

Mimi Kwamboka, mtoto wa Kisii aliyekulia Kericho, darasa la saba na hapo hapo nikaishia, niliajiriwa kwa sababu ya vidole. Mchumaji wa chai amefundishwa kushika jani bila kulichubua. Aliyeongoza safari ya kwanza alitaka mtu wa kubeba vioo vyake bila kuvivunja. Alikuwa Mzungu mrefu aliyeshuka kwenye treni stesheni ya Kipkelion, ambayo wazee bado wanaiita Lumbwa, na sanduku zima la dira. Tulimwita Bwana Dira. Dira zake zilipoingia msituni, kila moja ilichagua kaskazini yake, na yeye akafurahi kama mtu aliyepata mapacha. Mimi pia nilifurahi. Nilidhani kesho yake tutapata mlango wa dhahabu.

Kati ya wapagazi alikuwepo jirani yetu wa laini, Mmaragoli aitwaye Jafethi Lugalia, tuliyemwita Baba Ronika kwa sababu ya binti yake wa kwanza. Alikuwa mtu wa mzaha, suruali ameifunga kwa mpira wa baiskeli, fundo mbili, na kila mtu alimcheka kwa hilo, mke wake akiongoza. Siku hiyo ya kwanza king'ora cha jioni kilipolia, aliweka mzigo chini.

"Haya, kazi imeisha," akasema.

Kiongozi wetu wa njia, Mzee Arap Mosonik, Mkipsigis wa pande za Kabianga aliyekuwa akitega mizinga msituni tangu ujana, alisikiliza kile Bwana Dira alichonong'ona, kisha akasema, "Mzungu anasema bado."

"Mwambie mimi ni mtu wa king'ora. Kikilia asubuhi naamka, kikilia jioni naenda kwa mke wangu. Hayo mambo ya saa ni yake na mama yake."

Tukacheka. Baba Ronika akavuta suruali juu, akaenda zake akipiga mluzi, akifuata sauti. Nawaambieni, hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Nyumbani kulikuwa nyuma yetu, na yeye alikwenda mbele, lakini miguu yetu sote ilikuwa imegeukia huko huko. Mtu mwingine angeuliza njia iko wapi. Mtu wa shamba la chai haulizi. Anasikia, anakwenda.

Kesho yake alipokosekana kazini na nyumbani, Bwana Dira aliruhusu tumtafute mpaka ukungu ulipoanza kushuka. Halafu akasema vyombo vitalowa. Kwenye ripoti Baba Ronika akaandikwa ametoroka kazini.

Hilo neno moja lilifanya kazi kubwa kuliko dira zote. Shambani mtoro hana nyumba, kwa hiyo Mama Ronika na watoto walitolewa laini wakaenda kukodi chumba sokoni. Kwao Maragoli mtu aliyekufa asionekane, watu wake huzika shina la mgomba mahali pake, wanalia, wanakula, mambo yanaisha. Mama Ronika alisafiri kuomba hivyo. Shemeji zake wakamwambia, "Hatuziki mgomba wa mtu aliye hai. Huyo ameoa Nakuru, na ukijiangalia vizuri utajua kwa nini." Kanisani wanawake walimwombea mumewe arudi, na walipofumbua macho walimtazama kama mtu anayeficha jambo. Hakuwa mjane wala mke. Alichotaka ni kitu kimoja tu, na alikisema wazi kwa kila mtu: huyo mtu aonekane, awe hai amtukane, au awe maiti amzike.

Kwa hiyo akaomba kazi ya upishi. Safari yoyote iliyoingia Kapchemosit, Mama Ronika alikuwa kwenye sufuria.

Kutoka hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Mzee Arap Mosonik alikuja na sheria yake, na ndiyo sheria ya kwanza ninayowaachia.

"Lakwet," aliniambia, maana yake mtoto, "hiyo kitu ikilia hapa ndani, unaketi."

"Hata nikiwa nimebeba, Mzee?"

"Hata ukibeba mfalme. Miguu ya watu wa chai ni watumwa wa hiyo kitu. Ikiketi, haina pa kwenda."

Basi kikilia, wote chini. Wapagazi na mizigo yao, mpishi na mwiko wake, mimi na vioo vyangu juu ya mapaja. Wasomi walisimama katikati yetu wakituangalia kama watu waliofika ibada ya dini wasiyoijua. Tukisikia kimya, tunainuka, tunapangusa makalio, tunaendelea.

Mengine ni madogo lakini yashikeni. Kiberiti kinakaa ndani ya unga, si mfukoni, maana ukungu wa kule unaingia hata kwenye mawazo. Siafu hawaogopi shahada. Paka mafuta ya taa kwenye miguu ya meza na ya kitanda cha mkubwa. Kioo cha darubini kipanguse kwa shati kuukuu la pamba lililofuliwa mara nyingi, shati jipya linakwaruza. Mgeni akikuuliza kama mbali ni mbali, mwambie ni karibu, vinginevyo atataka kupumzika hapo hapo.

Walikuja watu wa mvua ya mawe. Hao walipanga sufuria bapa ndani ya ule uwanja na nje yake, wakakaa chini ya turubai wakingoja mbingu. Walikuwa wapole sana na walikula sana. Mvua ya mawe ilipiga Kericho yote, ikaacha uwanja, wakaruka wakakumbatiana. Wakaandika, wakafunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka, wakiwa wamesimama uwanjani kupigwa picha, yalishuka pale pale mawe makubwa kama mayai ya bata, yakawapiga wao na sufuria zao, na nje ya uwanja hakukuwa na hata tone. Mkubwa wao alishika kichwa akasema hiyo haitahesabiwa.

Mama Ronika aliwaomba nusu siku apite upande wa kusini. Wakasema ratiba. Kila safari alipewa neno tofauti: ratiba, bima, hali ya hewa. Hakuna aliyemwambia hapana. Wasomi hawapendi neno hapana, wanaona ni la watu wasiosoma.

Mimi wakati huo bado nilikuwa naota. Usoni nilionekana mfanyakazi, lakini kichwani nilikuwa nimeshajenga malkia wa zile kuta na nguo zake. Mama Ronika alikuwa akiniona nimesimama, ananirushia ganda la kiazi.

"Kwamboka, umeenda wapi?"

"Niko hapa, Mama."

"Ukimkuta mume wangu huko uliko, mwambie chakula kimepoa."

Alisema hivyo akicheka. Halafu aliinama kwenye moshi, na moshi ulimsaidia.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Profesa. Huyu alikuwa mtu wetu, Mwafrika, kutoka Nairobi, anavaa tai msituni. Tulifurahi mno. Jioni ya kwanza alitupa hotuba kwamba kuta hizi ni za babu zetu, kwamba wageni walitudharau kwa kusema hatukujenga kitu, kwamba kila mpagazi hapa ni mwana wa wafalme. Wana wa wafalme tukaosha vyombo. Asubuhi alianza kufunga uzi kati ya vijiti, mraba kwa mraba, msitu ukawa kama kitanda cha kamba ambacho hakijalaliwa. Tukamwita Profesa Kamba. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba kila kilichomo ndani ya kuta ni mali ya utafiti, hata jani.

Mama Ronika alimpelekea chai na ombi lake.

"Mama," Profesa akasema kwa upole wa kweli, "sisi tunatafuta watu waliopotea karne nyingi. Mambo haya hayataki haraka."

"Wangu amepotea juzi tu, Profesa. Yeye ni rahisi."

"Tukimaliza mraba wa mwisho, tutaona."

Mama Ronika aliangalia ile miraba, ilivyokwenda mpaka macho yanachoka, akachukua kikombe chake.

Kesho yake mchana king'ora kilitoka kusini, kama kawaida yake. Tukaketi. Mimi nilikuwa na donge la kamba ya Profesa mapajani, nikilifungua mafundo. Nikaona nguo ya Mama Ronika inapita mbele ya macho yangu. Hakuwa ameketi. Alikuwa amefunga leso kiunoni, mwiko bado mkononi, anatembea kufuata sauti, wala hapigi kelele. Alitembea kama mtu anayetoka kazini.

"Keti, wewe mama," Arap Mosonik akamwita.

"Nimeketi miaka yote hii, Mzee. Ngoja niende alikoenda."

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Niliinuka, nikamtupia Mzee ncha ya kamba, nikakimbia nyuma ya Mama Ronika nikiiachia njiani. Arap Mosonik alijifunga ile ncha kiganjani. Nyuma Profesa aliita, "Hiyo kamba imepimwa," na mara ya pili akaita akisema imepimwa kwa futi.

King'ora kilikatika, sisi tukaendelea moja kwa moja mbele. Mama Ronika aliongea njia nzima, si na mimi. "Hapa ungepita kushoto, unaogopa matope. Hapa ungeinama, urefu wa bure huo." Kamba ilikuwa karibu kuisha tulipofika kwenye ukuta ambao hakuna safari iliyowahi kuuona, mrefu, umepinda kama mdomo wa bakuli. Chini yake nyasi zilikuwa zimefunika shimo. Mama Ronika alichokoa kwa mwiko, akasimama, akaniambia nisogee nyuma. Sikusogea.

Alikuwa chini pale, kile kilichobaki cha mwili wake. Gambuti, vipande vya suruali, na mpira wa baiskeli, fundo mbili. Mfupa wa mguu umevunjika. Kichwa kilikuwa kimeelekea ukutani, kule sauti ilikotokea.

Mama Ronika aliketi kwenye ukingo, miguu ikining'inia shimoni.

"Kumbe hukufika mbali," akamwambia. Baadaye sana akasema, "Wamesema ulitoroka. Na wewe ulikuwa unakuja nyumbani."

Profesa alifika akifuata kamba yake, tai imelegea. Kwanza aliona ukuta. Aliuwekea mikono yote miwili, akasema ndiyo huu unaokusanya sauti ya kiwanda na kuirudisha, ona ulivyopinda, ona. Habari ya dira, Bwana Dira alikuwa amesema ni chuma kilicho ardhini. Mimi sijui, mnaobaki tafuteni. Halafu Profesa akatuona sisi, akaona shimo, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, kuandika kungekuwa rahisi.

Polisi walikuja, wakaangalia mguu, wakasema mtu alianguka, hakuna kesi, wenyewe wachukue mtu wao. Hapo Profesa akakohoa. Alisema anajua kabisa ni mpagazi, anatoa pole, lakini amepatikana ndani ya kuta. Ukitoa kitu kimoja bila kuandikishwa, utafiti wote unapoteza uzito. Aende Nairobi kwanza na vitu vingine, aandikishwe, kisha atarudishwa kwa utaratibu.

"Utaratibu ndio uliomwandika mtoro," Mama Ronika akasema.

"Si mimi niliyeandika hayo, mama."

"Nairobi wanamuweka wapi?"

"Kuna rafu nzuri sana."

"Na atarudi lini?"

Profesa akaangalia miraba yake. Polisi wakasema mtaelewana wenyewe, wakanywa chai, wakaondoka.

Hapo Arap Mosonik alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. Watu wa kwao wa zamani hawakuwa wakisogelea wafu, na siku ile nzima alikuwa amekaa mbali. Sasa alikuja mpaka mbele ya Profesa, akainama, akang'oa nyasi mbichi, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mtoto yeyote wa pande hizi anajua: mzee akikushikia nyasi anakuomba amani, na huwezi kukataa, hata kama amekuja kuomba msamaha kwa ng'ombe aliyemwiba kwako.

Profesa alizipokea kwa heshima. Alizigeuza, akazinusa. Kisha akatoa bahasha ya sampuli mfukoni, akazitia ndani, akaandika namba juu.

"Asante sana, Mzee," akasema. "Zimeota upande gani wa ukuta?"

Arap Mosonik alimwangalia kama mtu anayeangalia mzinga aliodhani una nyuki. Kisha akageuka akaenda kukusanya vitu vyake. Tangu siku hiyo hakuongoza safari tena, na wakija kumwomba hujibu kwamba magoti yanauma.

Mifupa ikawekwa kwenye sanduku la mbao, ikabandikwa lebo. Mama Ronika hakulia wala hakugombana. Aliosha sufuria zote, za kwetu na za wasomi, akazipanga, akakaa juu ya gunia la viazi akilitazama lori la kwenda Nairobi.

Sasa mnauliza, kama wakubwa walivyoniuliza, imekuwaje sanduku lililotakiwa kushuka Nairobi likashuka Kericho mjini, likapandishwa basi la Kisumu juu kabisa, kati ya magodoro na matenga ya kuku, likafika Maragoli na Mama Ronika ameketi chini yake. Baba Ronika alizikwa pembeni ya nyumba ya babake. Shemeji zake walichimba wenyewe, na yule aliyesema habari ya Nakuru ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama Ronika alivaa nguo za mjane, na barua aliyomwambia Ronika aniandikie ilisema anazivaa kwa raha. Mimi kituo kilinipa mkono, shukrani, na kustaafu.

Ilikuwa hivi. Lori lilikuwa tayari, na wote, Profesa pamoja nao, walikuwa wakila githeri kwenye turubai la mbele. Mtunza vyombo hali mpaka vyombo vihesabiwe, hiyo ndiyo kazi, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya lori peke yangu. Lebo ilisema SAMPULI, na namba, na NAIROBI, kwa mwandiko mzuri sana. Niliimwagia chai yangu iliyokuwa bado moto, nikangoja gundi ilegee, nikaibandua polepole kwa ukucha kutoka pembeni, kama tunavyochuma jani bila kulichubua. Iliyobaki nikaisugua kwa kidole gumba na mate. Kisha nikatoa penseli nyuma ya sikio, nikaandika kwenye mbao yenyewe, herufi kubwa kubwa za darasa la saba, ili lori likisimama Kericho na Mama Ronika akilidai, dereva asome ni la nani: JAFETHI LUGALIA, BABA RONIKA. Nikapuliza vumbi, nikalifunika sanduku kwa sweta yangu, maana barabara ina baridi.